Paka wa Nyumbani Akivunjika Mguu: Upasuaji, Uuguzi wa Nyumbani na Usalama wa Watoto

Asubuhi moja mama mmoja aliingia zahanati tuliyokuwa tukifanya kazi, hapa Morogoro, akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka sita. Kidole gumba cha mtoto kilikuwa kimefungwa kipande cha khanga. Jioni iliyotangulia paka wao, Chausiku, aligongwa na bodaboda mbele ya nyumba. Alijikokota hadi chini ya kitanda, mguu mmoja wa nyuma ukining'inia. Mtoto akaingia chini ya kitanda kumtoa, na paka akamuuma.

Tulianza na mtoto. Tulipomaliza, yule mama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuuliza habari za paka kwa nesi: "Sista, na yule paka nimpe nusu Panadol apate nafuu?"

Nilimjibu hapana, tena haraka. Makala hii inaeleza kwa nini, na inaeleza mambo mengine ambayo mama au mlezi anapaswa kuyajua paka wa nyumbani anapovunjika mguu. Mimi ni muuguzi wa jamii, si daktari wa wanyama. Mguu wa paka utatibiwa na daktari wa mifugo. Lakini nyumba yenye paka aliyeumia ina watoto pia, na mara nyingi ina mama mjamzito na kopo la dawa za binadamu. Hapo ndipo madhara mengi hutokea, na hapo ndipo wewe unaweza kuyazuia.

Kwanza, mlinde mtoto

Paka mwenye maumivu humuuma hata mtu anayempenda. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Hajui kwamba unataka kumsaidia, anachojua ni kwamba kuguswa kunauma. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwatoa watoto chumbani na kufunga mlango.

Ikiwa mtoto au mtu mzima ameumwa au amekwaruzwa hadi ngozi ikachubuka, fanya hivi:

- Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kata au jagi huku mwingine akiosha. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa.
- Usipake majivu, kahawa, mafuta ya taa, dawa ya meno wala majani. Usifunge jeraha kwa kubana.
- Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Mhudumu ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kinga ya pepopunda na dawa ya kuzuia maambukizi.

Watu wengi hushangaa kusikia kichaa cha mbwa kikitajwa kwa paka. Ni kweli kwamba karibu maambukizi yote kwa binadamu hutoka kwa mbwa, lakini paka naye anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa na kuupata ugonjwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Chanjo ikitolewa mapema na kukamilishwa kama ilivyopangwa, inazuia. Usisubiri kuona paka atakuwaje ndipo umpeleke mtoto.

Jambo jingine ni kwamba jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaacha tundu dogo juu, lakini linaingiza vijidudu ndani kabisa, hasa mkononi ambako mifupa na viungo viko karibu na ngozi. Kidole kinaweza kuvimba na kuwa chekundu ndani ya saa 24. Ndiyo maana tunasema "kadogo tu" si sababu ya kubaki nyumbani.

Na tafadhali, usimuue wala kumtupa paka aliyeuma. Paka akiwa hai na mwenye afya siku 10 baada ya kuuma, hiyo ni taarifa muhimu kwa mhudumu anayepanga sindano za mtoto. Akifa ndani ya siku hizo, au akibadilika tabia, toa taarifa kituo cha afya na kwa afisa mifugo mara moja.

Usimpe paka dawa ya binadamu

Sasa nirudi kwenye lile swali la Panadol. Nina sababu yangu ya kulijibu haraka.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi, paka wetu wa nyumbani alianza kuchechemea. Nilijiona tayari ni mtaalamu. Nikasaga nusu kidonge, nikachanganya na dagaa, naye akala. Nusu niliiona ndogo. Jioni uso wake ukavimba na akaanza kupumua kwa shida. Nilipofunua mdomo, ufizi ulikuwa wa rangi ya kahawia badala ya waridi. Usiku wa siku ya pili akafa. Mguu wenyewe haukuwa hata umevunjika. Alikuwa amechomwa na mwiba.

Ini la binadamu lina njia ya kuifunga parasetamoli na kuitoa mwilini kabla haijaleta madhara, mradi mtu ametumia kipimo sahihi. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Dawa hugeuka sumu, ikaharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni, na ikaliumiza ini lenyewe. Paka mzima huwa na kilo 3 hadi 5 tu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Hakuna kipimo cha nyumbani kilicho salama, iwe nusu, robo, au dawa ya maji ya mtoto.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo usimpe. Zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo. Daktari wa mifugo ana dawa za maumivu zinazomfaa paka, na hupima kwa uzito wake hasa.

Kama tayari umempa, au mtoto amempa kwa huruma, usione haya kusema. Mwambie daktari ni dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Ipo dawa ya kupunguza makali ya sumu ya parasetamoli, na inasaidia zaidi ikitolewa mapema.

Vitu vingine viwili vya kuepuka: dawa za kuoshea vidonda zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, na dawa za kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa au ng'ombe. Zote mbili zinaweza kumdhuru paka, kwa sababu hujilamba na kumeza kila kinachopakwa mwilini mwake.

Saa za mwanzo: mtulize na umbebe vizuri

Utajua paka amevunjika mguu kama haukanyagii kabisa, kama unaning'inia au umepinda pasipo na kiungo, kama umevimba ghafla, au kama mfupa umetokeza nje. Wakati mwingine utamkuta amejificha tu na hataki kula. Usidanganyike na kukoroma kwake kwa raha. Paka hukoroma hivyo hata akiwa na maumivu.

Usijaribu kuunyoosha mguu. Usifunge vijiti. Najua wengi wetu tumeona banzi za miti zikifungwa kwa binadamu na kwa mbuzi, lakini banzi lisilofungwa vizuri huwa mzigo unaovuta mfupa chini na kuzidi kuuvunja. Likibana sana, damu haifiki kwenye kanyagio na nyama hufa. Mguu unaoweza kupona ukafungwa vibaya unaweza kuishia kukatwa.

Fanya hivi badala yake:

1. Mfunike paka kwa taulo au shuka nzito, pamoja na kichwa, kwa utaratibu.
2. Mwinue akiwa amelala, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mguu ulioumia ukiwa juu. Ni vizuri zaidi kumsukumia kwenye ubao au kipande cha boksi gumu.
3. Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa au tenga la kuku lililotandikwa nguo. Funga juu.
4. Kama kuna kidonda kilicho wazi, kifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi. Kama damu inachuruzika, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 bila kufunuafunua.
5. Usimpe chakula njiani, kwani anaweza kuhitaji dawa ya usingizi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kesho: anapumua kwa kufungua mdomo, ufizi ni mweupe au wa bluu, miguu yote ya nyuma haina nguvu, hajakojoa tangu ajali, au mfupa uko nje. Huyo apelekwe sasa.

Ukiwa hujui pa kwenda, muulize afisa mifugo wa kata yako. Kwa walio Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama ya kufundishia. Kwa wenzetu wa Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha udaktari wa wanyama Kabete na kina kliniki. Miji mingi mikubwa ina kliniki binafsi za wanyama wadogo.

Kwa nini daktari haanzi na mguu

Wazazi wengi hukasirika wanapoambiwa upasuaji utafanyika baada ya siku moja au mbili. "Mguu umevunjika, mnasubiri nini?" Lakini gari au pikipiki haigongi mguu peke yake. Mapafu yanaweza kuwa yamechubuka, kibofu kimepasuka, au kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimechanika. Majeraha hayo ndiyo yanayoua. Mguu uliovunjika mara nyingi unaweza kusubiri kidogo.

Kwa hiyo daktari kwanza atampa dawa ya maumivu, dripu, na oksijeni akiihitaji. Atamsikiliza kifua, atahakikisha anakojoa, na atapiga picha ya eksirei ya kifua na ya mguu. Akishatulia ndipo mguu utashughulikiwa. Chausiku alifanyiwa upasuaji siku ya tatu.

Njia za matibabu

Si kila mfupa unahitaji kisu. Inategemea mfupa upi, umevunjika vipi, umri wa paka, na uwezo wa familia.

*Plasta ngumu, ile wengi wanayoiita hogo.* Inafaa kwa baadhi ya mivunjiko ya chini ya goti au chini ya kiwiko, hasa kwa paka mdogo. Haifai kwa mfupa wa paja wala wa mkono wa juu, kwa sababu haiwezi kuzuia kiungo cha juu yake kisicheze.

*Chuma ndani ya mfupa.* Daktari hupitisha chuma chembamba kama sindano ndefu katikati ya mfupa, mara nyingi pamoja na waya. Hutumika sana kwenye mfupa wa paja.

*Bamba na skrubu.* Bamba dogo la chuma hufungwa juu ya mfupa kwa skrubu. Linashika imara zaidi, lakini linahitaji vifaa na ujuzi zaidi.

*Vyuma vya nje.* Vijichuma hupita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa na kuunganishwa na fito upande wa nje. Husaidia pale penye kidonda kikubwa. Sehemu vinapoingilia zinahitaji kusafishwa kila siku kama daktari atakavyoelekeza.

*Mapumziko pekee.* Mivunjiko mingi ya fupanyonga hupona kwa kizimba na dawa ya maumivu, bila upasuaji, ikiwa njia ya choo haijazibwa na viungo havijaharibika.

*Kukata mguu.* Neno hili huwaliza watoto, na mama zao pia. Lakini paka ni mwepesi, na wengi huanza kutembea kwa miguu mitatu ndani ya siku chache. Hurudi kuruka, kupanda na hata kuwinda. Kama mguu umesagika, umekufa ganzi au umeoza, au kama familia haiwezi gharama ya vyuma, kukata ni tiba halali. Si adhabu kwa paka, wala si uzembe wako.

Kuna pia hali ambapo majeraha ni makubwa mno na daktari anashauri paka apumzishwe bila maumivu. Huo nao ni uamuzi wa huruma. Kinachokuwa ukatili ni kumwacha uvunguni siku nyingi mguu ukioza.

Zungumza fedha mapema

Sijaandika bei hapa kwa sababu hutofautiana sana. Ninachokuomba ni kusema uwezo wako mwanzoni. Daktari akijua una kiasi gani, anaweza kupanga njia inayowezekana. Maswali ya kuuliza ni haya:

- Bila upasuaji, mguu huu utapona vipi?
- Gharama uliyonitajia inajumuisha eksirei ya marudio, dawa, na kutoa nyuzi au vyuma?
- Naweza kulipa kwa awamu?
- Kama vyuma vikishindwa, hatua inayofuata ni ipi?
- Kukata mguu kungekuwa na tofauti gani kwa gharama na kwa muda wa kupona?

Kama fedha hizo ni ada ya shule au chakula cha watoto, huna sababu ya kujihukumu ukichagua njia nafuu. Paka aliyekatwa mguu na kutunzwa vizuri ana maisha bora kuliko aliyewekewa bamba la gharama kisha akakosa dawa na kizimba.

Siku ya upasuaji

Utaambiwa asile kwa saa kadhaa kabla. Fuata saa ulizopewa, kwani paka mdogo hafungishwi kwa muda mrefu kama paka mzima. Atapewa dawa ya usingizi kamili, nusu kaputi. Ina hatari ndogo kama ilivyo kwa binadamu, na ndiyo sababu vipimo vya awali ni muhimu.

Akirudi nyumbani anaweza kuwa na usingizi na kuyumba hadi kesho yake. Mweke mahali pa joto, sakafuni, mbali na ngazi. Mpe maji kwanza, kisha chakula kidogo. Mguu utakuwa umenyolewa na kuvimba kiasi. Uvimbe unapaswa kupungua siku hadi siku.

Wiki sita ambazo huamua kila kitu

Hapa ndipo kazi yako inapoanza. Daktari ameshikilia mfupa kwa chuma, lakini chuma hakiponyi. Mwili ndio unaoponya, na unahitaji muda. Siku za kwanza damu huganda kwenye mvunjiko. Wiki zinazofuata hujengeka kovu laini, kisha polepole linakuwa mfupa. Kwa paka mzima huchukua takriban wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi. Kwa paka mdogo inaweza kuwa wiki 3 hadi 4.

Tatizo ni kwamba maumivu huisha kabla mfupa haujashika. Wiki ya pili paka anaonekana mzima. Anakanyaga, analia atoke, na watoto wanamwonea huruma. Mtu anafungua mlango "dakika tano tu", paka anaruka juu ya kabati, chuma kinapinda. Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kuliko wa kwanza, na fedha ni zile zile za kutafuta upya. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kubalianeni nyumba nzima: mlango wa kizimba hufunguliwa na mtu mzima mmoja tu.

Kizimba. Si lazima kinunuliwe. Familia ya Chausiku walisafisha banda dogo la kuku kwa sabuni na maji ya moto, wakalianika juani, wakaliweka pembeni ya sebule. Kiwe na nafasi ya kulala, kula, beseni la choo na kujigeuza, lakini kisiwe kirefu kwenda juu hata akapata pa kurukia. Weka nguo nene chini na ufunike upande mmoja kwa khanga, apate pa kujificha.

Choo. Tumia beseni la ukingo mfupi ili asilazimike kuruka. Weka mchanga safi. Kama kidonda kiko karibu, vipande vya gazeti vinafaa kwa siku za kwanza ili mchanga usiingie kidondani.

Chakula. Mpe mara tatu kwa siku kwa kiasi kidogo: samaki au dagaa waliochemshwa bila chumvi, kuku, yai lililoiva, ini kidogo tu, au chakula cha paka cha dukani ukimudu. Usimpe mifupa iliyopikwa, huvunjika na kumchoma tumboni. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Asiponenepa sana akiwa kizimbani, mfupa unaopona haulemewi. Lakini asipokula kabisa siku mbili, rudi kwa daktari, maana paka anayekaa na njaa huweza kuharibika ini.

Dawa. Mpe kwa saa na kwa kipimo alichoandikiwa, usizidishe kwa kuona bado analia. Kama ni antibayotiki, maliza. Weka dawa zake mbali na za watoto.

Kidonda. Kitazame asubuhi na jioni. Usikioshe bila kuelekezwa, na asiogeshwe. Kola ya plastiki ya shingoni, yenye umbo la faneli, itazuia asilambe wala kung'ata nyuzi. Atachukia, lakini atazoea. Ulimi wa paka ni mkwaruzo kama msasa, na mdomo wake una vijidudu. Wazuie inzi, kwa sababu wakitaga kwenye kidonda utakuta funza ndani ya muda mfupi. Chandarua cha zamani cha mtoto juu ya kizimba kinatosha. Nyuzi kwa kawaida hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Hogo, kama amefungwa. Lisilowe. Tazama vidole kila siku: visivimbe, visiwe vya baridi. Ukisikia harufu mbaya, usisubiri siku ya kliniki.

Eksirei ya marudio. Wiki ya sita au kama ulivyopangiwa, picha ndiyo itakayosema mfupa umeshika. Usitumie macho yako wala huruma ya watoto kuamua.

Rudi kwa daktari haraka ukiona

- alikuwa anakanyagia mguu, sasa ameacha ghafla
- uvimbe unaongezeka, ngozi ina joto, kuna usaha au harufu
- nyuzi zimeachia au chuma kimetokeza kwenye ngozi
- hali chakula, anatapika, au hajakojoa kwa siku nzima
- anapumua kwa shida au ufizi umebadilika rangi
- amejikunyata, macho nusu yamefumba, masikio yamelala pembeni: hizo ni dalili za maumivu makali

Ikiwa wewe ni mjamzito

Huna haja ya kumfukuza paka. Lakini kinyesi chake kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Paka aliyefungiwa anajisaidia ndani ya nyumba, kwa hiyo jambo hili linakuhusu zaidi wakati huu.

Mtu mwingine asiye mjamzito asafishe beseni. Lisafishwe kila siku, kwa sababu vimelea vinavyotoka na kinyesi huhitaji angalau siku moja kabla havijaweza kuambukiza. Kama huna mtu wa kukusaidia, vaa glovu na unawe mikono kwa sabuni baada ya hapo. Kinyesi kizikwe au kitupwe chooni, kisimwagwe bustanini. Kumbuka pia kwamba vimelea hivi hupatikana kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa.

Watoto wenye mapunye au vidonda vya ngozi, na yeyote mwenye kinga dhaifu, wasimshike paka mpaka wapate ushauri kituo cha afya.

Mpe mtoto kazi, si dawa

Mtoto anayempenda paka wake atafanya jambo fulani, utake usitake. Ni heri umpangie. Anaweza kuchora kalenda ya wiki sita na kuweka alama kila jioni. Anaweza kukukumbusha saa ya dawa, kujaza bakuli la maji, au kukaa pembeni ya kizimba akimsomea paka hadithi. Asiingize mkono ndani, na asiguse dawa.

Mweleze ukweli kwa maneno yake: "Paka alikuuma kwa sababu alikuwa anaumwa. Hukufanya kosa kumpenda. Siku nyingine muite mama kwanza." Watoto wengi hujilaumu kimya kimya, na baadhi huficha jeraha wakiogopa paka atapigwa. Jeraha lililofichwa ndilo linalotutisha sisi wauguzi. Hakikisha mtoto wako anajua kwamba akisema ameumwa, si yeye wala paka atakayeadhibiwa.

Yule binti alikamilisha sindano zake, na Chausiku alikaa bandani hadi picha ilipoonyesha mfupa umeshika. Bado anachechemea kidogo wakati wa baridi. Kalenda ya mtoto, mama aliniambia, hadi leo iko ukutani.

Yakumbuke haya

1. Mtoto akiumwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo.
2. Panadol na dawa nyingine za maumivu za binadamu zinaua paka. Usimpe hata kipande.
3. Usifunge vijiti. Mweke kwenye boksi au tenga na umpeleke kwa daktari wa mifugo.
4. Kizimba kisifunguliwe mpaka eksirei iseme, hata paka akionekana amepona.
5. Mchanje paka wako dhidi ya kichaa cha mbwa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na maeneo mengi hutoa chanjo kipindi hicho. Muulize afisa mifugo wako.